Theodor Kocher, munganga wa Uswisi aliyepima risasi ili vidonda vya vita vipungue

Katika hospitali za Goma, Bukavu, Uvira au Bunia, kila muuguzi anaijua pensi ya Kocher: chombo cha chuma kinachofanana na mkasi usiokata, chenye meno kwenye ncha, kinachobana mshipa ili damu isimame. Wanafunzi wa ITM na ISTM hujifunza jina hilo mapema. Lakini ni wachache wanaojua kwamba munganga huyo, aliyefariki zaidi ya miaka mia moja iliyopita, alitumia sehemu ya maisha yake akipiga risasi kwenye vyombo vilivyojaa maji, kusudi aelewe kwa nini risasi ndogo inaacha kidonda kikubwa. Alichokigundua kilisaidia kuandaa sheria ya kimataifa inayokataza risasi zinazopanuka mwilini. Leo kipimo hichohicho kinatumiwa pia na watu wanaotafuta risasi zinazopanuka vizuri zaidi.

Mtoto wa injinia wa Bern

Emil Theodor Kocher alizaliwa tarehe 25 Agosti 1841 mjini Bern, Uswisi. Baba yake alikuwa injinia. Mama yake alikuwa mtu wa dini sana, wa kanisa la Wamoraviani, na imani hiyo ilimfuata mtoto wake hadi uzeeni. Wote waliofanya kazi naye walimjua kama mtu wa nidhamu kali na asiye na haraka.

Alisomea uganga katika Chuo Kikuu cha Bern na kupata udaktari mwaka 1865. Kisha alifanya safari ya masomo: Berlin, London, Paris, Vienna. Huko aliwatazama wapasuaji wakubwa wa wakati ule wakifanya kazi. Katika miaka hiyo upasuaji ulianza kubadilika. Dawa ya kulaza mgonjwa ilikuwa imepatikana, na huko Uingereza Joseph Lister alikuwa akifundisha kwamba kidonda kikisafishwa kwa dawa ya kuua vijidudu, hakiozi. Kocher aliikubali njia hiyo mapema.

Mwaka 1869 alimuoa Marie Witschi, na wakazaa watoto wanaume watatu. Mwaka 1872, akiwa bado na miaka 30, alichaguliwa kuwa profesa wa upasuaji huko Bern, pamoja na kuongoza upasuaji katika hospitali ya Inselspital. Vyuo vikuu vya nchi nyingine vilimwita baadaye, lakini alikataa. Alibaki Bern karibu miaka 45, mpaka kifo chake.

Vita vilivyoacha swali

Mwaka mmoja kabla ya kuchaguliwa kwake, Ulaya ilikuwa imetoka katika vita vya Ufaransa na Ujerumani vya 1870-1871. Waganga waliowatibu majeruhi waliona jambo la kushangaza. Risasi iliingia kwa tundu dogo, lakini ndani mfupa ulikuwa vipandevipande na nyama imechanika mbali na njia ambayo risasi ilipita. Wafaransa waliwashtaki Wajerumani kwamba wanatumia risasi zinazolipuka. Wajerumani nao wakawashtaki Wafaransa vilevile.

Lilikuwa shtaka zito. Mwaka 1868, mjini Saint-Petersburg, nchi nyingi za Ulaya zilikuwa zimekubaliana kutotumia risasi zinazolipuka zenye uzito wa chini ya gramu 400. Kama mashtaka hayo yalikuwa ya kweli, basi upande mmoja au pande zote mbili zilikuwa zimevunja ahadi hiyo ndani ya miaka miwili tu.

Kocher alianza kulichunguza swali hilo katikati ya miaka ya 1870. Wataalamu walikuwa na maelezo kadhaa. Wengine walisema risasi ya risasi-chuma, yaani ile madini laini ya plombe, inapata joto na kuyeyuka inapogonga mwili. Wengine walisema kuzunguka kwa risasi ndiko kunakotupa nyama pembeni. Wengine walisema ni msukumo wa maji yaliyomo ndani ya mwili.

Badala ya kubishana, Kocher alipima. Alitumia bunduki ya Vetterli, ile ya jeshi la Uswisi, ambayo risasi yake ya plombe ilikuwa na unene wa milimita 10,4 na ilikwenda kwa mwendo wa zaidi ya mita 400 kwa sekunde. Alibadilisha mwendo wa risasi. Alitumia pia risasi za metali mbalimbali, laini na ngumu, zile zinazoyeyuka upesi na zile zisizoyeyuka upesi. Kila mara alibadilisha jambo moja ili aone ni lipi hasa linaloleta madhara.

Maji ndani ya chombo

Jaribio lililo rahisi kueleweka ni lile la vyombo. Ukipiga risasi kwenye chombo kitupu, risasi inatoboa tundu la kuingilia na tundu la kutokea, basi. Ukipiga chombo hichohicho kikiwa kimejaa maji, kinapasuka. Kila mtu wa Kivu aliyewahi kuangusha bidoni la manjano lililojaa maji na kuliona likipasuka, wakati lile tupu linaruka tu bila kuharibika, anaweza kulielewa jambo hilo. Maji hayabanwi. Yakisukumwa ghafla, lazima yaende mahali, na yanasukuma kila kitu kilicho kando yake.

Mwili wa binadamu una maji mengi. Ini, moyo uliojaa damu, ubongo uliofungiwa ndani ya mfupa wa kichwa, vyote vinafanana na chombo kilichojaa. Pafu lenye hewa nyingi linapigwa na risasi na mara nyingi linapona vizuri zaidi kuliko ini. Kocher alionyesha kwamba hakuna haja ya kutafuta risasi inayolipuka ili kueleza vidonda vile vya vita. Mwendo wa risasi na maji ya mwili vilitosha. Kwa hiyo mashtaka ya pande zote mbili yalikosa msingi kwa sehemu kubwa.

Lakini vipimo vyake vilionyesha jambo la pili, na hilo ndilo lililobeba uzito baadaye. Risasi laini ya plombe haibaki na umbo lake. Inapogonga, inabonyea mbele, inakuwa bapa kama uyoga. Hesabu ni rahisi: unene wa risasi ukiongezeka mara mbili, uso wake wa mbele unakuwa mkubwa mara nne. Uso huo mpana unasukuma nyama nyingi zaidi, na risasi inaacha nguvu yake yote ndani ya mwili badala ya kupita na kwenda zake. Risasi ngumu, nyembamba, isiyobadilika umbo, inatoboa tundu dogo zaidi.

Mwaka 1880 alichapisha kitabu kuhusu vidonda vya risasi huko Leipzig, Ujerumani. Mwaka 1895 alitoa kingine, safari hii kuhusu risasi nyembamba za bunduki mpya.

Ombi la Roma

Mwaka 1894 waganga kutoka nchi nyingi walikutana Roma katika kongamano la kimataifa la uganga. Kocher alizungumza huko kuhusu kuboresha risasi kwa ajili ya ubinadamu. Leo maneno hayo yanaweza kuonekana ya ajabu: munganga anaomba risasi iliyo bora! Lakini mawazo yake yalikuwa wazi. Vita havitaisha kwa sababu waganga wanaviombea viishe. Basi, ikiwa askari ni lazima apigwe risasi, inatosha aondoke vitani. Hakuna faida kwa jeshi lolote kumkata mguu ambao ungeweza kupona, au kumuua polepole kwa kidonda kilichooza. Kwa hiyo risasi iwe nyembamba, iwe ngumu, na isipanuke.

Viwanda vya silaha vilikuwa vimeanza kwenda upande huo kwa sababu zao. Katika mwaka 1882, huko Thun, si mbali na Bern, ofisa wa Uswisi Eduard Rubin alikuwa ametengeneza risasi ya plombe iliyovikwa ganda la shaba. Ganda hilo liliifanya risasi ivumilie mwendo mkubwa bila kuchafua mtutu. Mwaka 1889 jeshi la Uswisi lilichukua bunduki mpya yenye risasi ya milimita 7,5. Majeshi mengine yalifuata. Kwa muda mfupi, mahitaji ya askari na matakwa ya munganga yalikwenda pamoja.

Kutoka Dum Dum hadi Omdurman

Muda huo haukudumu. Waingereza waliokuwa wakipigana mpakani mwa India walilalamika kwamba risasi zao mpya zenye ganda zinapita ndani ya adui naye anaendelea kuja. Katika kiwanda cha silaha cha Dum Dum, karibu na Calcutta, Kapiteni Neville Bertie-Clay akatengeneza risasi ambayo ganda lake halikufunika ncha. Plombe iliyoachwa wazi ilipanuka ndani ya mwili. Jina la kiwanda likawa jina la risasi, na mpaka leo watu wanasema risasi za dum-dum.

Afrika ilizionja pia risasi za aina hiyo. Katika vita vya Sudan vya 1898, askari wa Uingereza walisaga ncha za risasi zao ili zipanuke, na huko Omdurman, tarehe 2 Septemba, walitumia risasi zenye tundu mbele zilizotengenezwa Uingereza. Zaidi ya Wasudani 10.000 waliuawa siku hiyo kwa mizinga, bunduki za rashasha na bunduki za kawaida. Upande wa Waingereza na Wamisri, waliokufa hawakufika 100.

Mwaka uliofuata, 1899, nchi 26 zilikutana La Haye, Uholanzi, kwa mwito wa mfalme wa Urusi. Suala la risasi zinazopanuka likaletwa mezani. Vipimo vilivyotajwa sana vilikuwa vya munganga Mjerumani Paul von Bruns, wa Tübingen, vilivyoonyesha vidonda vya kutisha. Waingereza walipinga kwamba Bruns hakupima risasi ya Dum Dum yenyewe, bali risasi ya uwindaji yenye plombe nyingi zaidi iliyo wazi. Katika hilo hawakukosea. Lakini hoja yao nyingine ilikuwa mbaya: walidai kwamba risasi isiyopanuka inamsimamisha Mzungu, ila haimsimamishi mtu waliyemwita mshenzi.

Tarehe 29 Julai 1899 tamko lilipitishwa. Nchi zilizosaini ziliahidi kutotumia risasi zinazopanuka au kuwa bapa kwa urahisi mwilini. Uingereza na Marekani zilipiga kura ya kukataa. Uingereza ilikubali mwaka 1907. Marekani haijaridhia tamko hilo mpaka leo. Tena ahadi hiyo ilihusu vita kati ya nchi zilizosaini tu. Waafrika na Waasia waliokuwa wakipigana na wakoloni hawakulindwa nayo. Kile Kocher alichokiomba kwa ajili ya mwili wa kila binadamu kiligeuka kuwa haki ya baadhi ya watu.

Munganga aliyerudi kuwatazama wagonjwa wake

Ulimwengu wa waganga unamkumbuka Kocher zaidi kwa kazi nyingine. Milimani mwa Uswisi, watu wengi walikuwa na uvimbe wa shingo, kwa Kifaransa goitre, kwa sababu udongo na maji vilikosa iyodi. Uvimbe huo unajulikana hapa kwetu pia. Katika miaka ya 1960, watafiti waliokuwa Lwiro, Kivu ya Kusini, waliuchunguza katika kisiwa cha Idjwi, ambako watu wa kaskazini waliugua sana kuliko wa kusini. Kukosa iyodi, pamoja na muhogo usiotayarishwa vizuri, vilikuwa kati ya sababu.

Wakati wa ujana wa Kocher, kupasua uvimbe huo kuliogopwa. Wagonjwa wengi walikufa kwa kutokwa damu au kwa kidonda kuoza. Kocher alipasua polepole, akifunga kila mshipa kabla ya kuukata, na pensi yake ilitokana na kazi hiyo. Vifo vilipungua mwaka hadi mwaka. Mwisho wa maisha yake, katika wagonjwa 100 aliowapasua uvimbe wa kawaida, hakufa hata mmoja kwa wastani, na alikuwa amefanya maelfu ya upasuaji huo.

Lakini ndani ya mafanikio hayo kulikuwa na jambo lililojificha. Mwanzoni, Kocher aliwaondolea wagonjwa wengine tezi nzima ya shingo, bila kubakiza kitu. Mwaka 1874 alimpasua hivyo msichana mmoja wa miaka 11. Baadaye munganga aliyemtuma mtoto huyo aliona kwamba amebadilika: amekuwa mzito, mchovu, akili imepungua. Huko Geneva, Jacques-Louis Reverdin naye alikuwa amegundua hali kama hiyo kwa wagonjwa wake. Kocher aliwaita tena wagonjwa wake wa zamani mmojammoja na kuwapima. Karibu wote waliokuja kati ya wale walioondolewa tezi nzima walikuwa na dalili zilezile.

Mwaka 1883 alisimama mbele ya kongamano la wapasuaji wa Ujerumani na kueleza hadharani kwamba upasuaji wake mwenyewe ndio ulioleta ugonjwa huo. Tangu hapo aliacha kuondoa tezi nzima kwa wagonjwa wa uvimbe wa kawaida. Ungamo hilo liliifungulia sayansi mlango: waganga walielewa kwamba tezi ile, ambayo wengi waliiona haina kazi, ndiyo inayoendesha mwili na akili.

Hapa inaonekana kwamba yule aliyepiga risasi kwenye maji na yule aliyewaita wagonjwa wake ni mtu mmoja. Hakuridhika na kitendo kilichofanikiwa kwa macho. Alitaka kujua kilichotokea baadaye, ndani, mahali pasipoonekana.

Nobel, na vita vilivyovunja matumaini

Sifa zake zilienea. Kitabu chake cha mbinu za upasuaji, kilichotoka 1892, kilitafsiriwa katika lugha nyingi. Mmarekani Harvey Cushing, aliyekuja kuwa baba wa upasuaji wa ubongo, alifanya kazi Bern mwaka 1900. Mwaka 1905 Kocher aliongoza kongamano la kwanza la kimataifa la wapasuaji mjini Bruxelles. Mwaka 1909 alipewa tuzo ya Nobel ya uganga kwa kazi yake juu ya tezi ya shingo, akiwa mpasuaji wa kwanza kuipata. Mwaka 1912 alitoa franga 200.000 za Uswisi kwa ajili ya taasisi ya utafiti huko Bern. Mwaka 1913 alimpasua Nadezhda Krupskaya, mke wa Lenin, aliyekuwa mkimbizi wa kisiasa wakati huo.

Mwaka 1914 Vita Kuu ya Kwanza ikaanza. Karibu majeshi yote yalikuwa na risasi nyembamba zenye ganda gumu, kama Kocher alivyotaka. Hata hivyo vidonda vilikuwa vibaya kuliko vya 1870. Risasi mpya zilikuwa na ncha kali na mwendo mkubwa zaidi, na mara nyingi zilipinduka ndani ya mwili na kupita kwa ubavu. Vipande vya mabomu vilichana nyama zaidi ya risasi yoyote. Ganda gumu peke yake halikutosha kuwalinda askari. Kocher alifariki Bern tarehe 27 Julai 1917, vita vikiwa bado vinaendelea.

Kipimo kinachotumiwa na pande mbili

Njia ya Kocher ya kupiga risasi kwenye kitu kinachofanana na mwili haikufa naye. Leo maabara zinatumia jelatini, ile inayotengenezwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama, ikiwa imepozwa hadi digrii 4. Risasi inapigwa humo, kisha watu wanapima imeingia kina gani, imepanuka kiasi gani, na imebaki na uzito gani.

Huko Marekani kipimo hicho kilipata nguvu baada ya mapigano ya Miami ya tarehe 11 Aprili 1986, ambamo maofisa wawili wa FBI waliuawa. Risasi moja ya polisi ilipanuka vizuri, lakini ikasimama kabla ya kufika moyoni mwa mshambuliaji, naye akaendelea kupiga. Tangu hapo FBI inataka risasi ya bastola iingie kati ya sentimita 30 na 45 kwenye jelatini, hata ikipita kwanza kwenye nguo nzito, kwa sababu kitambaa kinaweza kuziba tundu la mbele na kuizuia kupanuka. Raia wa Marekani wanaojijazia kartushi zao nyumbani kwa ajili ya kujilinda nao wanapima: wanapanga vyombo vya maji kwa mstari, wanapiga, kisha wanaiokota risasi na kuipima unene. Mwendo ukiwa mdogo, haifunguki. Ukizidi, inavunjika vipande. Hayo ni maji yaleyale ya Kocher, lakini lengo limegeuzwa.

Wanaotetea risasi hizo katika kazi ya polisi wana hoja ya kweli. Risasi inayopanuka inasimama ndani ya mtu aliyepigwa, haipiti kwenda kumpiga mpita njia sokoni au barabarani. Ndiyo maana polisi wa nchi nyingi wanazitumia, wakati majeshi ya nchi hizohizo yamekatazwa kuzitumia vitani.

Kwa upande wa vita, sheria imesonga mbele. Mkataba wa Roma wa 1998, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai na kuridhiwa na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo mwaka 2002, unataja risasi zinazopanuka kama kosa la kivita katika vita kati ya nchi na nchi. Mwaka 2010, katika mkutano wa Kampala, Uganda, nchi zilikubali pendekezo la Ubelgiji la kuongeza vita vya ndani ya nchi, kwa zile nchi zitakazoridhia nyongeza hiyo. Vita vya ndani ndivyo vilivyoachwa nje mwaka 1899, na ndivyo raia wa sehemu zetu wamevijua zaidi.

Katika hospitali ya CBCA Ndosho mjini Goma, ambako wapasuaji wa CICR wamewatibu majeruhi wengi wa risasi, munganga haangalii tundu la nje tu. Anafungua, anaondoa nyama iliyokufa pande zote za njia ya risasi, na anaacha kidonda wazi siku kadhaa kabla ya kukishona, kwa sababu madhara yamekwenda mbali kuliko jicho linavyoona. Hilo ndilo jambo ambalo profesa wa Bern alikuwa amelionyesha kwa chombo kilichojaa maji.